Nyumba ya Babu Haivuji

Kwetu, ukitaka kujengewa na fundi mzuri, sharti ni moja tu: kwanza ufe.

Babu yangu Ndalahwa alishalitimiza sharti hilo, na leo amelala chini ya vigae vinavyong'aa, zege lenye nondo, na kibanda cha bati jekundu la msauzi, lile la bei kubwa, chenye mfereji wa kukingia maji pande zote. Ukitokea Mwamapalala unaliona kaburi lake kabla hujaiona kaya yetu. Wageni wakituuliza tunakaa wapi, tunawaelekeza vizuri: "Ukiona kaburi linalong'aa, shuka. Vile vijumba vilivyojikunyata nyuma yake ndio sisi."

Babu mwenyewe alipokuwa hai hakuwahi kulala chini ya bati. Alilala chini ya nyasi, kwenye kitanda cha ngozi ya ng'ombe, yeye na mke wake Ng'washi. Huyo Ng'washi ndiye bibi yangu, na kwa utani wetu wa Kisukuma ni mke wangu pia, maana mjukuu wa kiume kwa bibi yake ni mume mdogo. Ananiita ngosha, yaani mwanaume, nami namwita mke wangu, na tunasutana mchana kutwa bila mtu kununa. Yeye anasema mimi ni mume wa kidato cha nne asiyejua kukamua ng'ombe. Mimi namwambia kwa meno hayo mawili aliyobakiza ningekuwa nimeshamrudisha kwao nikadai mahari yangu. Anajibu kwamba hata nikidai, waliokula hao ng'ombe walishakufa wote, nikawachimbue.

Balaa lenyewe lilianzia ukutani. Kiangazi cha mwaka jana, ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi uliliwa na mchwa mpaka ukakaa chini kama mbuzi aliyechoka safari. Tukaziba kwa turubai. Kiangazi kilikuwa bado kirefu cha kutosha kujenga, na baada ya kiangazi ni mvua.

"Sitaki nyumba kubwa," Bibi aliwaambia watoto wake. "Nataka chumba kisichoingia maji, niwe nimeingia kabla mvua haijaanza. Nimeshalowa vya kutosha katika maisha haya."

Watoto wake ni watatu. Mkubwa ni Baba mkubwa Sylvester, ana duka la spea za pikipiki Bariadi mjini, na akiongea hupenda kushika ufunguo wa gari. Wa pili ni shangazi Generoza, ameolewa Mwanhuzi. Wa mwisho ni baba yangu Thomasi, ambaye ndiye anayekaa na Bibi hapa kijijini. Baba ni mtu wa kukubali. Ukimwambia leo jua limetokea magharibi, atasema, "Kama mmeliona, sawa."

Kikao kikaamua madume ya ng'ombe ya Babu yaende mnadani, na pesa yake ifanye kazi mbili: kumjengea Bibi nyumba na kujengea kaburi la Babu. Kaburi lilikuwa na haraka yake. Misa ya kumbukumbu ilikuwa imekaribia, na Baba mkubwa alikuwa ameshawaalika wafanyabiashara wenzake wa mjini.

Baba mkubwa hakutaka mambo ya kienyeji. Alisema ataitisha zabuni. Hiyo zabuni ilikuwa mafundi wawili waliokalishwa kwenye vigoda asubuhi moja, mbele ya ukoo mzima, kama watu waliofumaniwa.

Wa kwanza alikuwa Danford, fundi wa Bariadi. Alikuja na pikipiki yake na viatu vilivyopigwa kiwi, akafuta kigoda kwa leso kabla ya kukikalia, na uji akaukataa. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachomeka kipande cha nondo ardhini, kikazama kama kisu kwenye ugali.

"Hapa ni mbuga," alisema, bila hata kututazama. "Udongo mweusi huu, kiangazi unapasuka, mvua ikinyesha unavimba. Ukiweka ukuta juu yake ni kama umepakia mzigo mgongoni kwa ng'ombe aliyelala. Akiamka, mtaokotana. Tunachimba mpaka tuumalize huo weusi, tunajaza moramu, changarawe ya barabarani, tunashindilia, tunafunga mkanda wa zege chini na juu."

Akataja bei. Shangazi Generoza akashika kifua.

"Punguza kidogo, fundi," Baba mkubwa akasema.

"Mimi sipunguzi. Anayetaka kupunguziwa aende kwa wanaopunguza."

Hakuna aliyempenda, isipokuwa Bibi. "Ana maringo," alininong'oneza. "Ndalahwa naye alikuwa na maringo, na zizi lake fisi hakuwahi kulivunja."

Wa pili alikuwa Luhende, kutoka Zagayu, ndugu wa upande wa mume wa shangazi. Luhende ni mtu wa kwaya, ana kicheko cha kumfanya hata mkusanya ushuru asahau kilichomleta. Alikunywa uji bakuli mbili, akamsifu aliyeupika, ambaye ni mama yangu Scola, kisha akataja bei: nusu ya ile ya Danford.

"Na msingi?" Bibi akauliza.

"Mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "msingi ni tofali, tofali ni udongo, na udongo ndio huuhuu mnaoukanyaga. Sasa tuchimbe mpaka wapi? Tukamwamshe mzee?"

Watu wakacheka.

"Fundi," nami nikadakia, "huo msingi wako si kuku ataweza kuuparua?"

Wakacheka zaidi, hadi Luhende akanipa mkono. Hiyo ndiyo shida ya kuwa mtani katika ukoo. Ukisema uongo wanakucheka, na ukisema kweli wanakupigia makofi.

Baba mkubwa akageuza ufunguo wake kidoleni. "Tuwe wakweli. Msingi nani atauona? Mtu akija anaangalia ukuta, bati na rangi. Sijawahi kuona mgeni anakuja na jembe." Nyumba ikaenda kwa Luhende.

Luhende, kwa furaha, akaongeza, "Na kaburi nalo nitawafanyia kwa nusu."

Baba mkubwa alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, wakati mama yake alikuwa amekaa palepale na hakuna aliyemtukana.

"Kaburi la baba," alisema, "halijengwi kwa nusu."

Na hapo hakuna aliyebisha, maana kwetu vitu vya marehemu havipunguziwi bei. Hupunguzi sanda, hupunguzi jeneza, hupunguzi kaburi. Ukipunguza, watu watasema ulimchoka tangu alipokuwa anakohoa, na yeye mwenyewe marehemu hatakuacha ulale. Wa kupunguziwa ni aliye hai. Huyo anasamehe.

"Kaburi ni la milele, kaka," shangazi Generoza akaunga mkono. "Nyumba ya mayu ni ya muda tu."

"Muda gani, Generoza?" Bibi akauliza. "Niambie, nijue kama ninunue chumvi ya kopo au ya kijiko."

"Mayu, sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha, mwanangu, na hujakosea. Mpeni huyo mwenye maringo kaburi. Thomasi, unasemaje?"

"Kama wameshakubaliana, sawa," baba akasema.

Kazi zikaanza siku moja, upande huu na upande ule wa uwanja. Mimi nilikuwa kibarua wa pande zote mbili, kwa hiyo najua nilichobeba. Kwa Danford nilibeba moramu mpaka mabega yakatoka malengelenge. Alichimba kulizunguka kaburi mpaka udongo mweusi ukaisha, akaweka nondo, akapima kwa pima maji kila tofali kana kwamba Babu angeamka kulalamika amelala kwa mteremko. Zege likichelewa kidogo tu, alilimwaga. Kwa Luhende nilibeba maji, maana kila saruji ilipokuwa haitoshi, yeye aliongeza maji na wimbo. Mfuko mmoja alikuwa anauzungusha kama mchuzi wa wageni wa ghafla. Alimaliza wakati Danford bado hajagusa vigae. Akapaka rangi ya bluu ukuta wa mbele, akafunga kopo.

"Na pande nyingine?" nikamuuliza.

"Nani anaziona?"

"Ng'ombe."

"Ng'ombe hawajui rangi, mtani."

Siku ya misa watu wa mjini walipiga picha na kaburi mmoja mmoja, kisha makundi. Baba mkubwa alikuwa anawaeleza unene wa nondo utafikiri kazimeza yeye. Bibi alikalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya ukuta wa bluu, amevaa kitenge kipya. Mama mmoja wa mjini akampa mkono: "Hongera, bibi, umejengewa!"

"Asante," Bibi akasema. "Nimejengewa mbele."

Hakuna mgeni aliyeingia ndani. Na kweli, hakuna aliyekuja na jembe.

Mvua za kwanza zilikuwa za salamu tu. Zilizofuata ndizo zilizokaa. Udongo mweusi ukanywa, ukanywa tena, ukavimba. Chini ya dirisha ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Baada ya muda nikawa naingiza kidole, kisha mkono mzima, na Bibi akawa ananiamkia kupitia humo nikipita kwenda zizini.

"Mwangaluka, ngosha! Mlango siku hizi haufunguki, napokelea wageni ukutani."

"Mwangaluka, mke wangu. Umewekewa dirisha la pili bure, na bado unalalamika."

Tulicheka, lakini nikaanza kuangalia ile pembe ya nyuma. Ilikuwa inazama, na ukuta ulikuwa unajitenga na bati kidogo kidogo, kama watu wawili waliokosana kitandani. Nilimwambia baba. Baba akampigia simu kaka yake. Kaka yake akasema aweke mbao za kuegemeza, atakuja.

Mvua ikamtangulia. Mchana mmoja ikaja na mawe, na nilipokimbilia kwa Bibi nikakuta maji yanaingia kwa ukuta mzima, kitanda kinaelea, yeye hayupo. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kisha nikasikia kuku analia upande wa kaburi.

Alikuwa amekaa juu ya vigae, chini ya lile bati jekundu, na mkeka wake, furushi lake na kuku wake mmoja. Mkavu kabisa. Maji yalikuwa yanapita kwenye mfereji, yanashuka kwa adabu, yanakwenda zake.

"Mke wangu," nikamwambia huku nachuruzika, "yaani umeniacha ukarudi kwa mume wa kwanza?"

"Wewe umenijengea nini? Huyu amekufa, na bado ananisitiri."

Akalala hapo siku ile, na iliyofuata. Mama alimwomba aingie nyumbani kwetu, akakataa. Mzazi halali chini ya paa moja na mwanawe na mke wa mwanawe. Huo kwetu ni mwiko, na Bibi hakuwa tayari kuuvunja kwa sababu ya Luhende. Jiko la mama lilikuwepo peke yake uani, lakini ni la nyasi, linavuja na moshi wake ni wa kufukuzia nyuki. Bibi alituuliza swali ambalo sote tulilikwepa: mtu mwenye akili aache paa zima, akalale chini ya bovu, kwa sababu gani?

Sababu ikaja kwa miguu. Alfajiri moja mchunga ng'ombe alipita njiani, akaona kitu kimejifunga shuka kinainuka juu ya kaburi na kujinyoosha. Aliacha fimbo, akaacha ng'ombe. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika mashine ya kusaga kabla ya mahindi ya mama. Wanawake wakamuuliza, wakiwa wametazama pembeni, "Eti mama mkwe wako anafanyaga nini kule kaburini?"

Mama alirudi na mahindi yake hayajasagwa. Kwetu, kikongwe aliyepika kwenye moshi maisha yake yote ana macho mekundu, na macho mekundu ni nusu ya kesi ya uchawi. Ukimwongezea kaburi, kesi imekamilika, na watu wanaokuja kuihukumu hawapigi hodi. Siku ile sikumtania Bibi. Aliona.

"Una nini, ngosha? Umeachika?"

Baba mkubwa sasa akaja, na shangazi akaja, na mafundi wote wawili wakaitwa. Danford alipofika, kitu cha kwanza alitoa pima maji, akaiweka juu ya kaburi, akatabasamu peke yake. Luhende hakucheka wala kuimba.

"Umemjengea mama yangu nini?" Baba mkubwa akamfokea.

"Kaka, mlisema msingi nani atauona. Nikawajengea msingi usioonekana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mlinipa pesa ya ukuta, bati na rangi. Kilichopasuka pale ni bei yenu."

Baba mkubwa akamgeukia Danford. "Rekebisha."

"Hakuna cha kurekebisha. Ni kuvunja na kuanza chini."

"Kwa bei gani?"

"Ileile. Mimi sipunguzi."

Baba mkubwa akaanza kueleza kwamba madume yameisha, biashara ni ngumu, labda tusubiri pamba. Bibi alikuwa amemshika kuku wake mabawa. Akainua kichwa.

"Sylvester. Siku nikifa, kaburi langu atapewa fundi gani?"

Shangazi Generoza akaona hapo ndipo pa kumfariji. "Mayu, hilo usiliwaze hata kidogo. Danford huyuhuyu. Vigae, bati, kila kitu kama la baba."

"Hamtapunguza?"

"Tutapunguzaje, mayu!"

"Na pesa itatoka wapi, kama madume yameisha?"

"Itapatikana," Baba mkubwa akasema, na akasema kwa fahari kabisa. "Msiba haukosi pesa. Watu watachanga."

"Basi changeni sasa," Bibi akasema. "Danford anijengee hilo kaburi langu, pale pembeni ya Ndalahwa. Shimo msichimbe bado. Nitalala juu mpaka zamu yangu ya chini ifike. Mtakuwa mmenijengea mara moja, na mmenijengea vizuri."

Danford, nakuapia, alitazama ile nafasi pembeni ya kaburi, akapiga hatua kuipima. "Inawezekana," akasema.

"Uchuro!" Baba mkubwa akaruka kutoka kwenye kiti. "Mtu hajengewi kaburi anapumua! Mayu, unataka kutumaliza watoto wako?" Shangazi akafanya ishara ya msalaba. Baba yangu akafungua mdomo: "Lakini anachosema mayu..." Wote wakamgeukia. Akaufunga. "Kama mmekataa, sawa."

Kikao kikavunjika, lakini Baba mkubwa hakuondoka mikono mitupu. Alisimama kando ya gari lake akapiga simu mjini, kwa wale waliokuja kwenye misa, akawaeleza kwamba kaburi la mzee linadhalilishwa. Hakusema na nani. Wakachanga. Pesa ya nyumba ilikuwa haipo; ya uzio ilifika kabla ya wiki kwisha. Danford akaleta mchomeleaji, wakasimika mabomba kwenye zege kulizunguka kaburi, wakaweka geti la chuma lenye misalaba miwili na kufuli kubwa kama ngumi. Ni kazi nzuri. Dume la ng'ombe haliwezi kulitikisa geti lile. Nimejaribu mimi kwa bega na jiwe. Ufunguo uko Bariadi, kwenye kile kishada cha ufunguo wa gari.

Ukuta wa bluu umebaki umesimama peke yake. Kutoka barabarani bado ni nyumba.

Bibi amehamia jikoni kwa mama. Analala kati ya mafiga na kuni, na moshi unamfanyia macho yake kazi ambayo wenye kusema walikuwa wanaingoja. Mchunga ng'ombe yule siku hizi akipita anazunguka mbali. Mimi nimehamishia mkeka wangu mlangoni pa jiko, na panga chini yake. Bibi anasema nimekuwa mume mwenye wivu.

Jana mchana mvua ilikuja kubwa. Tulikuwa wawili, yeye anachambua choroko, mimi nahamisha sufuria kukinga matone. Katikati ya kishindo cha mvua kwenye nyasi ulisikika mlio mwingine, safi, wa maji kwenye bati zuri. Bibi akaacha choroko, akasikiliza.

"Nyumba ya babu yako," akasema. "Inavuja?"

Nikachungulia kupitia mvua. Vigae vilikuwa vikavu. Mfereji ulikuwa unafanya kazi yake.

"Haivuji."

"Vizuri. Alikuwa haipendi baridi." Akanyoosha mkono, akaisogeza sufuria chini ya tone jipya lililokuwa linaangukia mkeka wake. "Ukimwona Sylvester, mwambie nimeshukuru."